Liddell aligoma kukimbia Jumapili mwaka 1924. Leo marathoni kubwa karibu zote ni Jumapili. Mkimbiaji Mkristo afanyeje?

Raba Mbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite kwa amani.

Kwenye kundi letu la mbio za mitaani kumezuka ubishi. Dada mmoja, mwanakwaya, mkimbiaji mzuri kuliko wanaume wengi wa kundini, kasema hajiandikishi Kilimanjaro Marathon kwa kuwa inakimbiwa Jumapili asubuhi. Ikawa vita. Wengine wakamcheka, wengine wakaanza kumrushia aya. Jina la Eric Liddell likawa linatajwa kila dakika, na karibu kila aliyelitaja aliikosea hadithi yenyewe. Basi nianze na huyo Liddell, niseme langu, halafu mnirukie.

Liddell alizaliwa Tianjin, China, mwaka 1902, wazazi wake wamisionari kutoka Uskoti. Waskoti walimjua kwanza kama mchezaji wa raga wa timu ya taifa, winga mwenye mbio za kutisha. Kwenye riadha mbio yake ilikuwa mita 100. Ratiba ya Olimpiki ya Paris ilipotoka, mchujo wa mita 100 ukawa umepangwa Jumapili, tarehe 6 Julai 1924. Akasema hakimbii.

Hapa ndipo watu wa mitandaoni wanapoharibu. Wanaamini aligundua akiwa tayari melini anavuka kwenda Ufaransa, presha ikapanda, akapewa mita 400 dakika za mwisho, Mungu akashusha muujiza. Hayo ni ya kwenye sinema. Liddell aliijua ratiba miezi kadhaa kabla. Akapanga upya, akaanza kujifua kwa mita 200 na 400. Kwangu mimi hiyo inapendeza kuliko ya muujiza. Ni mtu aliyeamua mapema, akaenda kulipia uamuzi wake mazoezini.

Kuna kitu kingine ambacho hata wahubiri wanakipita haraka. Alijitoa pia kwenye mbio za kupokezana vijiti, 4x100 na 4x400, kwa sababu nazo ziligusa Jumapili. Mita 100 unajinyima mwenyewe. Vijiti unawanyima wenzako watatu. Uingereza bila yeye ilipata fedha kwenye 4x100 na shaba kwenye 4x400. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mmoja wa wale walioleta shaba, huku bingwa mpya wa mita 400 yupo mjini, mzima wa afya, na hakimbii. Ungempenda siku hiyo?

Maana ubingwa aliupata kweli. Jumatano alichukua shaba ya mita 200. Ijumaa, tarehe 11 Julai, fainali ya 400 akapangiwa njia ya nje kabisa, ile ambayo humwoni mpinzani hata mmoja. Akatoka kama anayekimbia 200, watu wakajua huyu pumzi itakata kwenye kona ya mwisho. Haikukata. Sekunde 47.6, rekodi ya dunia.

Mwaka uliofuata, ana miaka 23, akaenda zake China kufundisha kwenye shule ya kimisionari. Bingwa wa Olimpiki, umri ndio kwanza unachanua, anakwenda kusahihisha madaftari. Vita na Wajapani ilipozidi akampeleka mkewe mjamzito na mabinti wawili Kanada. Binti wa tatu hakuwahi kumtia machoni. Mwaka 1943 akafungiwa na raia wengine wa kigeni kwenye kambi ya Weihsien, mkoa wa Shandong.

Sasa sikilizeni ya kambini, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kulikuwa na vijana wengi mle, baadhi wametenganishwa na wazazi wao. Liddell akawa anawafundisha na kuwapangia michezo, isipokuwa Jumapili. Vijana wakachoka kukaa, wakacheza hoki Jumapili wenyewe bila mwamuzi, wakaishia kupigana. Jumapili iliyofuata mwamuzi alikuwa Liddell. Yule yule aliyeikatalia Paris nzima. Alifia humo kambini tarehe 21 Februari 1945 kwa uvimbe kwenye ubongo, umri miaka 43, miezi michache kabla kambi haijakombolewa.

Langu ni hili. Imani haimpi mtu miguu. Inampangia wiki: siku gani anapumzika, chakula gani hagusi, wapi haendi, nani anamtegemea. Kwa hiyo unapotaka kujua imani imemfanya nini mwanamichezo, usiangalie kidole kinachoelekezwa mbinguni baada ya goli. Angalia ratiba yake, na angalia ni lini amekubali kuivunja na kwa faida ya nani.

Karibuni.

---

Beki wa Kati

Mkuu umeandika kitu kizito, lakini nikwambie ukweli, Jumapili ni swali la Wazungu. Kwetu swali ni ndoo.

Nimecheza madaraja ya chini. Timu moja, siitaji, tunasafiri mkoani usiku kucha, tunafika gesti, kabla hata ya chai anaingia mzee, mganga wa timu, na ndoo ya maji yenye majani. Wote mnaoga. Ukitoka hapo unaambiwa usisalimiane kwa mkono na mtu yeyote mpaka mechi iishe. Kipa wetu alikuwa mlokole. Akasema yeye haogi. Hakufoka, hakuhubiri, alikaa kitandani anafunga njumu zake. Kamati ya ufundi wakamwita pembeni, wakamwambia analeta mkosi kwenye timu.

Tukafungwa moja bila, goli la kujifunga, beki mwenzangu. Kesi nzima kaibeba kipa. Hakudaka tena mpaka ligi inaisha.

Na sisi wengine tuliooga, nusu yetu tulikuwa Wakristo, tena mmoja mtoto wa mwinjilisti. Jumapili tuko kanisani, Jumamosi tuko kwenye ndoo. Ndiyo maana nikiona mchezaji wa Bongo anapiga magoti baada ya goli huwa najiuliza tu kimoyomoyo: na ndoo je?

---

Msabato wa Mara

Nyie wa Jumapili mna bahati hamuijui. Mashindano mengi ya shule yanachezwa Jumamosi, ligi inachezwa Jumamosi, mabonanza ni Jumamosi. Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, kwa hiyo hata mechi ya Ijumaa jioni ikichelewa kuanza wewe uko matatani.

Mimi nilikuwa winga wa shule, na nusu fainali ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ikaangukia Sabato. Mwalimu wa michezo akaja hadi nyumbani kumbembeleza baba. Baba, mzee wa kanisa, akamjibu: "Mwalimu, mtoto ni wako kuanzia Jumapili." Nilimchukia baba kwa muda mrefu, siwafichi. Sikuwa na imani wakati ule, nilikuwa na baba tu. Imani yenyewe ilikuja baadaye nikiwa nimeshaacha mpira.

Kuna watu wazima waliofika huko juu kabisa na msimamo huo. Carlos Roa, kipa wa Argentina, yule aliyedaka penalti ya mwisho ya David Batty na kuwatoa Uingereza Kombe la Dunia 1998. Ni Msabato. Mwaka 1999, akiwa Mallorca, jina liko juu, akastaafu ghafla kwa ajili ya imani. Mwaka uliofuata akarudi, lakini suala la mechi za Sabato likawa limeshakaa mezani na nafasi yake golini haikuwa ile tena.

Raba Mbovu, hapo kwenye "lini amekubali kuivunja" nina shaka. Ukishafungua mlango huo, kila mtu atakuwa na kambi yake ya Weihsien.

---

Raba Mbovu

Msabato, hoja yako nimeipokea na sina jibu la kuimaliza. Ila angalia tofauti. Paris angevunja kwa ajili ya medali yake. Weihsien alivunja kwa ajili ya watoto wa watu waliokuwa wanatoana damu. Hakuna aliyempigia makofi kambini, na hakuna aliyemlipa. Mtu anayetafuta kisingizio huwa hatafuti kisingizio cha kwenda kuamua hoki.

Kama unataka mtu ambaye hakuvunja kabisa, yupo Michael Jones wa All Blacks, timu ya raga ya New Zealand. Kombe la Dunia la kwanza la raga, 1987, yeye ndiye mchezaji wa kwanza kufunga trai. Nusu fainali dhidi ya Wales ikawa Jumapili, hakucheza. Fainali ikawa Jumamosi, akarudi, akafunga. Mwaka 1995 robo na nusu fainali zote mbili zikaangukia Jumapili, akaachwa nje ya kikosi moja kwa moja. New Zealand wakafika fainali Ellis Park wakafungwa na Afrika Kusini 15 kwa 12. Na jamaa hakuwa mpole uwanjani, alikuwa anakaba mtu mpaka unamwonea huruma.

Beki wa Kati, ya ndoo imenikaa. Nitairudia.

---

Kichwa Ngumu

Nyie mnapiga stori za upande mmoja. Mbona hamumtaji Jonathan Edwards?

Mwingereza, miruko mitatu, mtoto wa kasisi. Alianza kama Liddell wenu, Jumapili haruki. Mashindano ya dunia ya Tokyo 1991 akayakosa kwa sababu hiyo. Mwaka 1993 akabadili msimamo, akaanza kuruka Jumapili, mwaka huo huo akapata shaba ya dunia. Tarehe 7 Agosti 1995, Gothenburg, akaruka mita 18.16, dakika chache baadaye 18.29. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Sydney 2000 akachukua dhahabu ya Olimpiki.

Baada ya kustaafu akaanza kujiuliza maswali, na mwaka 2007 akasema hadharani hana imani tena. Mtu aliyekuwa anaendesha kipindi cha nyimbo za dini BBC! Na rekodi iko pale pale, haikupungua hata sentimita moja. Sasa niambieni, Mungu alihusika wapi? Ni saikolojia tu. Ukiamini kuna mtu mkubwa anakushika mkono unatulia, ukitulia unaruka vizuri. Unaweza kuamini hata mbuyu.

---

Raba Mbovu

Kichwa Ngumu, karibu sana, nilijua utakuja.

Edwards mwenyewe alikubali kwamba imani ilimsaidia kiakili katika ushindani, kwa hiyo hapo hatugombani. Lakini soma uzi vizuri. Sikusema Mungu anamwongezea mtu sentimita. Nimesema kinyume chake. Kama imani ingekuwa inaongeza sentimita, kila timu ingesajili masista.

Na mimi Edwards namheshimu katika hatua zote tatu. Alipokataa alilipa. Alipobadili alisema wazi amebadili, hakujificha. Alipoacha kuamini akasema ameacha, wakati angeweza kuendelea kula mshahara wa kuimba tenzi kwenye televisheni. Wako wengi tu ambao imani iliisha zamani na bado wanaelekeza kidole juu kwa ajili ya kamera.

---

Jirani wa Uasin Gishu

Hamjambo ndugu zangu wa TZ. Mmeongea kuhusu riadha bila kuuliza watu wa riadha, hiyo ni makosa kidogo. Acha niwape ya huku Kenya.

Iten pale kuna shule ya upili ya St Patrick's, ya Wakatoliki. Mwaka 1976 alikuja Bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa kocha, hakuwa amesomea riadha popote. Alimkuta mwalimu Mwingereza akishughulika na wanariadha, mwalimu akarudi kwao, Bruda akabaki na kazi. Basi huyo ndiye aliyetoa Peter Rono, dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988, na kijana wake wa baadaye ni David Rudisha, mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Ukiingia shuleni utaona miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa waliopita pale. Miongo mingi mzee wa watu anaishi na vijana hapo hapo. Mimi naona ile ndiyo imani, mtu kukaa. Makocha wangapi wamekuja Iten wakapata mwanariadha mmoja wa pesa wakahama naye?

Kuhusu Jumapili, huku kwetu ni siku ya mapumziko kwa karibu kila kambi. Jumamosi mnafanya mbio ndefu, baadaye mtu anaenda nyumbani kwa familia, Jumapili kanisa. Hata kambi ya Kaptagat anayofanyia mazoezi Kipchoge watu hurudi kwao wikendi. Mzungu anakuja na saa yake ya mapigo ya moyo anatuambia kupumzika siku moja kwa wiki ni sayansi. Sisi tuliambiwa na katekista.

Lakini hiyo mbio yenyewe ya pesa ni Jumapili, hakuna namna. Berlin Jumapili, London Jumapili, Chicago Jumapili, New York Jumapili. Boston peke yake ni Jumatatu. Mwenye watoto wanne wa kusomesha na ndugu zake sita atakataa Berlin? Padri wetu huwaombea wanaosafiri kwenye misa ya wiki kabla ya mbio. Siku yenyewe watu wanatoka misa ya kwanza wanakimbilia kwa jirani mwenye TV.

Shida yetu kubwa sio Jumapili. Ni dawa za kututumua misuli. Tumepigwa marufuku wengi mpaka ni aibu, na mshindi wa marathoni ya akina mama ya Rio 2016 alikuwa kati yao. Hii ni sehemu watu wanaomba kabla ya kila zoezi. Sasa mtu anaomba, anafunga kamba za viatu, halafu anaenda kwa daktari wa kichochoroni. Beki wa Kati umesema ndoo. Sisi ndoo yetu ni sindano.

---

Beki wa Kati

Jirani hapo umemaliza. Ndoo yetu ni sindano. Naiandika ukutani.

---

Bin Mchinga

Assalamu alaykum na Bwana asifiwe, wote mpo.

Uzi ni wa Wakristo lakini ngojeni nichangie kidogo maana tunafanana. Sisi tuna Ramadhani. Hakeem Olajuwon, Februari 1995, anacheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na amefunga, na mwezi huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Na Waethiopia wenzenu wa Orthodoksi wana mfungo ambao nyinyi wa huku mngeukimbia: Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kabla ya Pasaka siku 55, hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai. Katika jamii hiyo ndiko wanakotoka akina Meseret Defar. Mnamkumbuka London 2012, alipovuka mstari wa mita 5000 akatoa picha ya Bikira Maria na Mtoto kutoka ndani ya fulana na kuibana usoni analia? Alikuwa amekimbia nayo kifuani. Mimi Mwislamu, na pale nilinyamaza.

Halafu kuna ile ya vitambaa vya unahodha Uingereza, mwisho wa 2024. Makapteni wa ligi kuu walitakiwa kuvaa kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, ishara ya kuwaunga mkono mashoga. Marc Guéhi wa Crystal Palace, baba yake ni mchungaji, akavaa lakini akaandika juu yake kwamba anampenda Yesu. Chama cha soka kikawakumbusha klabu sheria, maandishi ya dini hayaruhusiwi kwenye vifaa vya mchezo. Mechi iliyofuata dhidi ya Ipswich akaandika tena, safari hii kwamba Yesu anawapenda ninyi. Nahodha wa Ipswich, Sam Morsy, Mwislamu, yeye hakukivaa kabisa. Hawakuadhibiwa.

Mashabiki wakagawanyika, huyu shujaa, yule mbaguzi. Mimi swali langu ni la kiufundi zaidi. Ukikivaa kitambaa na kukiandikia, umekubali au umekataa? Morsy alikuwa wazi, hakuvaa. Guéhi naona alitaka asikose upande wowote.

---

Mzee wa Maktaba

Bin Mchinga, Guéhi naona alijaribu kusema "nawapenda na nina msimamo wangu" kwa kitambaa kimoja. Nafasi ya kuandika ilikuwa ndogo mno kwa jambo kubwa hivyo. Kaká alikuwa na fulana nzima, Athens 2007 baada ya AC Milan kuwafunga Liverpool, na alisema sentensi moja tu kwamba yeye ni wa Yesu, basi.

Mimi nakumbusha tu kwamba sheria inayokataza dini kwenye jezi inachekesha ukijua klabu zenyewe zilitoka wapi. Everton ilianzia kanisa la Wamethodisti la St Domingo mwaka 1878. Aston Villa, vijana wa kanisa la Wesley. Manchester City, kanisa la St Mark's, West Gorton. Southampton wanaitwa Watakatifu kwa sababu walikuwa vijana wa kanisa la St Mary's. Celtic iliundwa na Bruda Walfrid kuwalishia maskini wa Glasgow. Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 huko Springfield, Marekani, na James Naismith, mwalimu wa chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, aliyekuwa amesomea theolojia, akitafuta kitu cha kuwafanyisha vijana wakorofi wakati wa baridi. Wavu nao ulitoka YMCA miaka minne baadaye.

Na aliyetangulia wote ni Paulo. Anapowaandikia Wakorintho kuhusu wanaopiga mbio na taji iharibikayo, hakuwa anabuni mfano. Karibu kabisa na Korintho palikuwa na michezo ya Isthmia, kila baada ya miaka miwili, na taji lenyewe lilikuwa la majani. Wasomaji wake walikuwa wameyaona yakinyauka. Ndiyo maana "nautesa mwili wangu na kuutumikisha" haikuhitaji maelezo kwao. Walijua mwanamichezo anaishije.

---

Fundi Viungo

Nafanya kazi ya kuwarudisha majeruhi uwanjani. Nitasema kitu ambacho hakitapendwa.

Imani ikikaa sawa, ni mgonjwa mzuri kuliko wote. Goti likikatika kano ya ndani, unazungumzia upasuaji na miezi kama tisa ya mazoezi ya kuchosha, kukunja, kunyoosha, kupanda ngazi, hakuna shangwe, hakuna kamera. Wachezaji wengi hawaangushwi na goti, wanaangushwa na upweke wa miezi hiyo. Nimewaona vijana ambao kikundi cha maombi kilikuwa kinakuja nyumbani kila wiki, na wale walivumilia kuliko wenzao.

Ikikaa vibaya ni balaa. Kijana yuko wiki ya kumi, anaendelea vizuri, anapelekwa kwa mtumishi mmoja, anapakwa mafuta, anaambiwa aruke jukwaani mbele ya watu. Anaruka. Watu wanashangilia. Jumatatu ananipigia simu goti limejaa. Nimeshuhudia hili zaidi ya mara moja. Halafu kosa anaambiwa ni lake, imani yake ilipungua. Kijana wa miaka 20 anapoteza mguu wa kazi na kanisa kwa siku moja.

Raba Mbovu umesema imani inapanga wiki. Naongezea: inapanga na miezi tisa. Inayoahidi dakika moja mimi naikimbia.

---

Raba Mbovu

Fundi, asante. Hii ya kwako ningeiweka juu kabisa ya uzi kama ningeweza.

Nirudi kwenye ndoo kama nilivyoahidi. Nimefikiria kwa nini yule kipa ananigusa kuliko Liddell. Liddell alikuwa na mita 400 ya kwenda. Kocha alimwelewa, nchi ilimkasirikia kidogo ikamsamehe alipoleta dhahabu. Yule kipa hakuwa na 400. Alikataa, timu ikafungwa, akakaa benchi, basi. Hakuna aliyemwandikia kitabu. Tukihesabu tu wale waliokataa wakashinda, tutakuwa tunafundisha vijana kwamba kukataa ni mbinu ya kushinda. Siku watakapokataa na kushindwa wataona Mungu kawageuka.

Kabla ya ile fainali ya 400 Liddell alipewa karatasi na mtu wa kukanda misuli wa timu, yenye maneno ya 1 Samweli 2:30, kwamba wanaomheshimu Mungu naye atawaheshimu. Wahubiri wanaipenda karatasi hiyo. Mimi nauliza, yule kipa wetu yeye karatasi yake iko wapi?

---

Beki wa Kati

Kaka, kipa yupo. Ana genge la chipsi na watoto wawili, na anafundisha makipa wadogo jioni kwenye uwanja wa shule, bure. Huwa tunakutana. Ile habari ya ndoo hataki kuizungumza, anasema sisi tuliooga tulikuwa na njaa kuliko yeye.

---

Sauti ya Pili

Jamani. Mimi ndiye yule dada.

Nimetumiwa uzi huu na watu wa kundini, nimesoma mpaka mwisho nikicheka. Mmenipeleka Paris, mmenipeleka China, mmenipeleka Ellis Park. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza sababu.

Sijasema kukimbia Jumapili ni dhambi. Kila Jumapili baada ya ibada nakimbia, nyie mnajua. Sababu ni kwamba Kili inaangukia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, wakati ambao sisi Walutheri mara nyingi tunaingia Kwaresima au tumo ndani yake, na kwaya yetu ina zamu. Sauti ya pili tupo wachache, mmoja kajifungua, mwingine kahamishiwa Dodoma kikazi. Nikiondoka mimi inabaki sauti ya pili ya bibi mmoja ambaye anaimba ya kwanza bila kujua. Nimemwahidi mwalimu wa kwaya. Ndiyo hivyo tu.

Mwakani zamu ikihama nitajiandikisha, tena nyote mtaona mgongo wangu tu. Kwa hiyo Msabato, mimi sina msimamo wako, lakini baba yako namwelewa. Na wewe Raba Mbovu, hapo kwenye "nani anamtegemea" umenipata, mengine yote umeongeza chumvi.

Naulizia tu: kuna mbio yoyote ya kilomita 21 ya Jumamosi kabla ya Pasaka? Msabato usijibu, najua utanielekeza Jumapili.

---

Msabato wa Mara

Hahaha dada, Jumapili ni siku nzuri sana ya kukimbia, barabara hazina magari.

---

Kichwa Ngumu

Huyu dada peke yake ndiye kanikaribia kunishawishi, na hajamtaja Mungu hata mara moja.

---

Raba Mbovu

Nimenyooshwa hadharani, dada yangu, nimekaa chini.

Wakuu, mwenye taarifa za nusu marathoni za Jumamosi aziweke hapa chini: mji, tarehe, ada, na kama fulana inatolewa au inauzwa. Na kwa taarifa ya wenye wasiwasi, Simbu wetu, mkimbiaji wa marathoni, dhahabu ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, aliichukua siku ya Jumatatu.